MFADHILI NAYE APEWE JEMBE

Mai Mahiu yetu inajulikana kwa malori, mahindi ya kuchoma na vumbi. Anayeteremka kutoka Limuru kwa ile barabara ya chini iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia husimama kwenye kanisa lao dogo la 1942, akapiga picha, kisha huyo, ashaenda zake Narok au Naivasha. Vibao vya shule za msingi kando ya njia hana haja navyo. Mimi nasema avisome. Katika vingi, karibu na jina la shule pameandikwa jina la kanisa linaloifadhili: A.I.C., Katoliki, P.C.E.A., A.C.K. Hilo neno kufadhili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hebu nianze na shule zenyewe. Nilisoma katika shule ndogo ya Kianglikana, mojawapo ya zile ambazo wazee hadi leo huziita za C.P.K., maana hilo ndilo lililokuwa jina la kanisa kabla ya kugeuzwa kuwa A.C.K. mwaka wa 1998. Kila darasa lilikuwa na mkondo mmoja tu, na shule nzima watoto hatukufika mia mbili. Aliyesomea shule ya mikondo minne au mitano huenda asinielewe. Mwalimu wetu hakuhitaji rejista ili ajue nani hayupo. Akikukosa Jumatatu alimwuliza mdogo wako wa darasa la pili, naye alitoboa siri yote: ati umeonekana stendi ukiuza maji. Mwalimu alimjua nyanya yako, alijua kama kwenu watu wamelala njaa, na akikugombeza ulijua amekugombeza wewe, si darasa zima.

Asubuhi kila mtoto alikuja na mtungi wa lita tano. Maji mengine yalinyunyizwa sakafuni kabla ya kufagia, la sivyo vumbi lingetuzika, na mengine yalikwenda jikoni. (Ndiyo, mahali ambapo jina lake kwa Kikuyu maana yake ni maji moto, maji baridi ndiyo taabu!) Kulikuwa na kipindi cha P.P.I. kila wiki. Kasisi akija tuliimba, asipokuja tuliimba vile vile, kwa kuwa mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, wa mpira na wa kufunga vidonda. Katika shule ndogo mtu mmoja ni watu wanne.

Tena tulikuwa mchanganyiko. Walikuwako Wakikuyu wa hapa hapa, Wamaasai wa upande wa Suswa, na watoto wa jamaa waliofurushwa makwao baada ya uchaguzi wa 2007 wakaja kukaa katika vijiji vyenye majina kama Jikaze na Vumilia. Enyi wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, hayo majina yasikilizeni vizuri: ni vitenzi, tena vya kuamrisha. Basi lugha ya uwanjani ikawa Kiswahili. Sanifu? Wapi! Ngeli zilikuwa zinapigana mateke. Lakini hakuna aliyetulazimisha kwa adhabu wala kwa zawadi. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kumwomba mwenzako akupasie mpira.

Sasa nije kwa mfadhili. Zamani kanisa lilikuwa mwenye shule hasa. Krapf wa shirika la C.M.S. la Uingereza alifika Mombasa 1844, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Rebmann wakaanza kazi Rabai. Ikafuata Freretown mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na Maseno 1906. Waliojenga ndio waliotafuta walimu na kuwalipa. Baada ya uhuru mambo yakabadilika: Tume ya Kuajiri Walimu ikaundwa 1967, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka shule mikononi mwa serikali, kanisa likabaki na cheo cha mfadhili. Mimi sioni ubaya hapo. Mtoto asisome au asikose kusoma kwa sababu ya dhehebu la babake.

Ila cheo kina kazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inataja kazi za mfadhili. Atashauri juu ya mambo ya kiroho, ataweka makasisi kwa gharama yake mwenyewe, ataheshimu imani ya watoto wa dini nyingine, atakuwa na wajumbe katika bodi, na mwisho, jamani, someni hapa mara mbili: atatoa msaada wa fedha na wa majengo. Wajumbe wake ni watatu katika kila bodi. Viti hivyo vitatu sijasikia mfadhili wa kanisa lolote akivikataa. Msaada wa majengo je?

Mwajua wenyewe inavyokuwa. Mwalimu mkuu akihamishwa, mfadhili hufika mapema kuuliza atakayekuja ni wa kanisa gani. Siku ya maombi ya mtihani, kiti cha mbele ni chake. Siku ya kutoa zawadi, kuku ni wake. Ni desturi njema kumkirimu mgeni, sikatai, lakini wahenga walitupa hesabu ya siku: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kutoka 1968 hadi leo siku ya tatu imepita zamani.

Na jembe linahitajika hasa katika shule ndogo. Serikali imekuwa ikitenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Piga hesabu. Shule ya watoto 1,200 inapata shilingi 1,704,000. Shule ya watoto 180 inapata 255,600. Lakini upepo wa Mai Mahiu hauhesabu watoto kabla ya kuezua bati! Lango, ua, choo na stima, gharama zake hazipungui kwa sababu watoto ni wachache. Fedha za kichwa kwa kichwa humbeba mkubwa na kumwacha mdogo, na hapo ndipo penye pengo ambalo mfadhili angeziba.

Wapo watakaosema shule kama hizo zifungwe, watoto wapelekwe kwenye kubwa. Anayesema hivyo hajasimama pale njia ya Narok inapokutana na ya Naivasha saa kumi na mbili asubuhi, trela zikipita. Mtoto wa gredi ya kwanza avukishwe na nani? Wengine watasema kanisa halina pesa. Hapo nakubali nusu. Waumini wa parokia ndogo ndio hao hao wazazi wa shule, na kuwatoza mara mbili ni dhuluma. Kwa hiyo mzigo uende juu, kwa dayosisi, ambayo ina parokia tajiri za mjini na ina sauti.

Tena tumeona kwamba inawezekana. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, siku ambayo shule zilikuwa zifunguliwe kwa muhula wa pili, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye njia ya reli huko Old Kijabe yalipasuka na kuteremka hadi Kamuchiri. Watu wasiopungua 45 walikufa. Shule zilipofunguliwa Mei 13 kuna watoto waliorudi bila vitabu, bila sare, wengine bila wazazi. Watu wa makanisa walikuwa miongoni mwa waliobeba magodoro na unga, na hawakuuliza mtu ni wa dhehebu gani. Ninawashukuru. Lakini kwa nini tungoje mafuriko?

Nina ombi moja dogo, tena si la majengo ya ghorofa. Katika shule moja ninayoijua, ambayo sitaitaja, paa ni zima na refu, ila halina mifereji ya kukinga mvua wala tangi. Maji ya Aprili hutiririka hadi barabarani, na Juni watoto wanarudi kubeba mitungi. Bodi itakapokutana muhula ujao, wale wajumbe watatu waje na fundi, apime paa kabla chai haijaletwa.