Kwenye Kodi Wanajulikana, Kwenye Hasara Hawajulikani

Kuanzia Kahama hadi Katoro, mtu akinunua sarafu ya kidijitali, hela yake ikakatwa na sarafu isiingie, huambiwa amejitakia. Wenye pochi, yaani programu ya simu aliyonunulia sarafu hiyo, watamwambia malipo yalipita kwa mshirika wao wa malipo. Mshirika atamrudisha kwenye mtandao wa simu au benki, na huko atazungushwa upya. Imani hii ya “amejitakia” inachanganya mambo mawili. Bei ikishuka, hasara ni ya mnunuzi, kwa kuwa aliikubali hatari hiyo. Malipo yaliyopotea njiani hayahusiani na bei: mteja ametoa hela, hajapewa alichonunua.

Watetezi wa pochi husema hawashiki fedha za mtu na kwamba muamala wa kripto haurudi nyuma. Ni kweli kwa sarafu iliyokwisha kutumwa. Lakini hapa shilingi zimekwama kabla sarafu yoyote haijatoka, na kumbukumbu za malipo zipo. Tena mshirika huyo hakuchaguliwa na mteja. Amechaguliwa na wenye pochi, wakamweka ndani ya programu yao. Kwenye pesa za simu tulikataa mapema mteja kuzungushwa hivi. Kanuni za pesa za kielektroniki za mwaka 2015 zinataka fedha za wateja zihifadhiwe benki kwenye akaunti ya amana, na mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita, halazimiki kuijua benki hiyo ndipo asikilizwe. Anapiga simu kwa kampuni yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Benki Kuu ilionya Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Ilionya, ndiyo. Ila Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali, na mwenye jukwaa au anayewezesha mauzo ndiye anayetakiwa kuikata. Yaani sheria imekwisha kumtambua mhusika. Atambuliwe basi na pale mteja anapodai. Kwenye dhahabu tuliwahi kufanya hivyo: Geita ilipofunguliwa soko la madini mwaka 2019, dhahabu ilianza kupimwa mbele ya maofisa na kuuzwa kwa wanunuzi wenye leseni, wanaojulikana wanapopatikana. Benki Kuu iagize vivyo hivyo: pochi inayouza kwa Watanzania ipokee malalamiko yenyewe, irudishe hela kwa muda uliopangwa, kisha ikadaiane na mshirika wake.