Modemu Moja, Kompyuta Mbili

Leo nakupeleka Jego, kule karibu na mpaka wa Tanzania, kwa dada yangu. Nilikwenda kumjulia hali nikakuta nyumba imegawanyika pande mbili. Binti yake yuko chuoni na masomo mengine huyafuata kwa intaneti. Mdogo wake amemaliza kidato cha nne, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kuomba nafasi ya chuo katika tovuti ya KUCCPS. Modemu ilikuwa moja, ile ndogo ya kuchomeka, na binti alikuwa ameikalia.

"Mjomba, bando nimenunua mimi, na mtihani wangu hauishi mpaka saa nne," akaniambia. Shikamoo ilikuja baadaye.

Kompyuta ya kijana ni kuukuu, ya mezani, na haina waifai. Nikauliza kama kuna waya wa mtandao, ule wenye kichwa kama cha simu ya mezani ila kinene zaidi. Ukapatikana kabatini, umefungia bahasha za picha.

Jambo lenyewe si geni. Microsoft waliliweka katika Windows 98, toleo la pili, mwaka wa 1999, na limo hadi leo. Tulichomeka waya kutoka kompyuta hadi kompyuta. (Mashine za zamani sana hudai waya maalumu uliopishanishwa ndani, za siku hizi hujirekebisha zenyewe.) Katika laptopu ya binti tukabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, tukaandika ncpa.cpl. Orodha ya njia za mtandao ikatokea. Tukabofya ile ya modemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tukaingia "Properties", kisha "Sharing", tukatia alama kwenye kijisanduku cha kwanza. Basi. Kama laptopu zote mbili zina waifai, wala huhitaji waya: tafuta "Mobile hotspot" katika mipangilio ya Windows 10 au 11, uweke neno la siri, na hadi vifaa vinane vitaingia.

Hufanyaje kazi? Wenye umri wangu watakumbuka sanduku la posta la shule, lililopokea barua za kijiji kizima. Nje ilijulikana anwani moja tu. Karani ndiye aliyejua hii ni ya nani. Laptopu yenye modemu ndiye karani. Yenyewe hujipa anwani ya ndani, 192.168.137.1, na mwenzake humpa nyingine inayoanza vivyo hivyo. Ukiona ya mwenzake inaanza na 169.254, ujue hajapewa kitu. Kagua waya au rudia ile alama.

Kijana hakupewa kitu. Tulirudia mara mbili, saa inakwenda, dada yangu amesimama mlangoni na upawa mkononi. Kumbe tulitia alama kwenye njia ya waya badala ya ile ya modemu. Kosa langu, na miwani yangu.

Jihadhari na mambo haya. Karani akilala, barua hazifiki: laptopu ikijizima kwa kuokoa chaji, wote mko gizani. Kasi nayo hugawanywa, haizidi; mmoja akitazama video mwenzake atasota. La kuumiza zaidi ni masasisho ya Windows. Kompyuta iliyokaa miezi bila mtandao hukimbilia kuyapakua na kumaliza bando kabla hujafungua ukurasa. Katika mipangilio ya mtandao, iambie kwamba njia hiyo hulipiwa kwa kipimo, nayo itajizuia.

Na kwa nyinyi wa Jego, Vanga na Lunga Lunga: modemu ikidaka mlingoti wa ng'ambo ya mpaka, gharama ni nyingine. Zima ruhusa ya kutumia mitandao ya nje, au chagua mtandao wako mwenyewe.

Saa tatu na robo usiku ukurasa wa KUCCPS ulifunguka kwa kijana. Dada mtu, mtihani ungali mbele yake, akageuza kichwa na kumwuliza chaguo la kwanza ameweka nini. Alipojibiwa, akamwambia asitume kwanza, asome tena alama zinazotakiwa.

Alikuwa amekosea. Akabadilisha, akatuma.