Plasma au LCD? Kwanza niambie umeme wako unatoka wapi

Wadau, kuna swali ambalo naulizwa kila msimu wa tumbaku ukifika mwisho, na wanaouliza ni watu wa aina mbili. Kuna tuliosoma nao, wapo Kahama mjini, wana mishahara na sebule zenye vigae. Halafu kuna ndugu zetu wa Ushetu, kuanzia Nyamilangano mpaka Ulowa, ambao pesa ya maana wanaishika mara moja kwa mwaka, baada ya chama cha msingi kukata deni la mbolea na pembejeo nyingine. Wote wanataka kujua kitu kimoja: TV kubwa ya bapa, nichukue plasma au LCD?

Najua kuna watakaocheka. Plasma si zilishakufa zamani? Ni kweli, lakini zilikufa viwandani. Panasonic walisimamisha uzalishaji mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014, na baada ya hapo hakuna kampuni kubwa iliyorudi nyuma. Ila TV haifi siku kiwanda kinapofungwa. Mzungu akinunua mpya, ile ya zamani inapakiwa kwenye kontena, inapanda meli, na baada ya muda unaikuta imesimama juu ya meza kwenye duka la vitu used, imefutwa vumbi na inang'aa kama ya jana. Kwa hiyo mjadala ambao Ulaya waliumaliza zaidi ya miaka kumi iliyopita, huku kwetu bado una mshiko wa mtu ndani yake.

Halafu kuna tatizo la jina. Huku kwetu kitu chochote kisicho na chogo kinaitwa plasma. Mtu anakwambia "nimevuta plasma", ukienda kwake unakuta LCD ya inchi 24 ya Kichina. Wauzaji wanalijua hilo na wanalitumia vizuri sana. Ukitaka plasma, kila kitu dukani ni plasma. Ukisema umesikia LED ndiyo habari ya mjini, ghafla kila kitu kinakuwa LED.

Tuweke mambo sawa kidogo. Kioo cha plasma kimejaa vijumba vidogo sana vyenye gesi, hasa neon na xenon. Umeme ukipita, kila kijumba kinawaka chenyewe, kama vitaa vidogo mamilioni. LCD haiwaki yenyewe. Ni kama pazia lenye vidirisha vinavyofunguka na kufunga, na nyuma yake kuna taa inayomulika muda wote. Zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba, ndugu wa zile taa ndefu za dukani. Siku hizi ni vitaa vya LED. Kwa hiyo hiyo "LED" unayouziwa kama uvumbuzi mwingine kabisa ni LCD ileile, imebadilishwa taa ya nyuma tu. Hata hizo QLED ni ukoo huohuo. OLED ndiyo iko tofauti, na kwa kuwa kila nukta inawaka yenyewe, imerithi mengi ya plasma, bei yake ikiwemo.

Sasa nitasema jambo ambalo wapenzi wa LCD hawapendi kulisikia. Kwa picha, enzi zile plasma ilikuwa mbele. Weusi wake ulikuwa weusi kweli, sio ule ukijivu wa LCD za mwanzo. Mpira ukipigwa kutoka winga moja kwenda nyingine ulibaki duara, haukuacha mkia kama kimondo. Na ukikaa pembeni kabisa ya chumba uliona rangi zilezile anazoziona aliyekaa katikati. Ukiyaweka hayo pamoja, giza, mpira, na watu waliobanana hadi ukutani, utagundua kwamba wahandisi wa Japani, bila kujua, walitengeneza TV ya kibanda umiza! Sebule ya Mmarekani yenye madirisha makubwa na jua la mchana ndiko plasma ilikopata taabu, maana kioo chake kilirudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia.

Hata ile hofu ya plasma kuunguruma kwenye miinuko huku haituhusu. Hewa ikiwa nyepesi, gesi ya ndani inasukuma kioo na TV inaanza kunguruma, ndiyo maana watengenezaji wengi walitoa tahadhari kwa watu wa sehemu za juu. Kahama tuko kama mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hilo wawaze wenzetu wa Makete.

Basi mbona mimi nasema usinunue?

Mwaka jana nilimsindikiza mjomba wangu kwenye duka moja hapa mjini. Anaishi ndani huko Ushetu, nguzo za umeme zimeishia senta, yeye anatumia sola. Kijana wa dukani alikuwa na adabu zote.

"Shikamoo mzee. Karibu, hii hapa plasma original ya Uingereza, inchi 42. Hizi za Kichina haziioni ndani."

Mjomba akaizunguka, akaigonga mgongo kwa kidole, kisha akauliza, "Kijana, hii inakula betri ngapi?"

"Betri? Mzee, hii ni ya umeme!"

Nimesoma makala nyingi za kulinganisha TV, za Kiingereza na za Kiswahili. Zinaongelea rangi, pembe, kasi na unene. Swali la mjomba sijalikuta hata kwenye moja, na kwa Ushetu hilo ndilo swali la kwanza.

Tupige hesabu. Plasma ya inchi 42 ya miaka ile inakula wati 200 hadi 300 na zaidi, kutegemea picha: mchezo ukiwa kwenye nyasi zinazong'aa inakula zaidi, filamu ya usiku inakula kidogo. LCD ya LED ya inchi 32 ya siku hizi iko kwenye wati 50 hivi, nyingine chini ya hapo. Chukua betri ya N100, ambayo ni volti 12 na saa-ampia 100. Karatasini ina wati-saa 1,200, lakini ukiitaka ikae miaka usiinyonye kupita nusu, kwa hiyo una 600. Kwa LED hiyo ni saa kumi na mbili. Kwa plasma ya wati 300 ni saa mbili, na inveta nayo haifanyi kazi bure, inakata chake. Mpira wa dakika 90, weka mapumziko, weka za majeruhi: Simba na Yanga wako bao moja kwa moja, dakika ya 85, inveta inaanza kulia pii, pii, pii. Nani alaumiwe hapo?

Na kuna LCD ndogo za volti 12 ambazo hazihitaji inveta kabisa, zinachomekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa sola. Wakenya waliliona hili mapema. M-KOPA walianza kukopesha sola pamoja na TV ya inchi 16 mwaka 2016, na mteja akalipa kidogo kidogo kwa simu. Jambo kama hilo lisingewezekana kwa plasma hata kwa maombi, kwa sababu plasma za majumbani hazikushuka chini ya inchi 32. Hakuna plasma ya maskini.

"Lakini mimi nina LUKU," atasema msomaji wa mjini. Sawa, tuhesabu na yako. Plasma ya wati 300 kwa saa tano kila siku ni uniti 45 kwa mwezi. LED ya wati 50 ni uniti saba na nusu. Bei za umeme zilizotangazwa mwaka 2016 ziliweka kundi la D1, la watumiaji wadogo, kwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi mpaka uniti 75, na kila uniti inayozidi hapo shilingi 350. Kwa hiyo kama nyumba yako tayari inakula uniti 60 kwa friji na taa, plasma inakupeleka 105 na umetoka nje ya wigo. LED inakuacha ndani. Kama hauko kundi hilo na mshahara unaruhusu, sina ugomvi na wewe, furahia weusi wako.

Kinachoniuma zaidi ni ufundi. LCD ikizima picha huku sauti inatoka, mara nyingi ni vitaa vya nyuma vimeungua. Fundi wa pale stendi anaifungua, anabadilisha ukanda wa vitaa, jioni unaangalia taarifa ya habari. Plasma ikiharibika bodi, fundi anaanza kutafuta plasma nyingine iliyokufa ili ainyofoe, kwa sababu hakuna kiwanda kinachotengeneza hizo bodi. Na umeme wetu unavyopanda na kushuka, bodi zinakufa. Halafu kuna safari yenyewe. Plasma ya inchi 42 ina kioo kizito, ukiwa na stendi yake inakaribia kilo 30, na inatakiwa isafirishwe imesimama. Nipe jina la bodaboda atakayeitoa Kahama mpaka Ulowa ikiwa imesimama, kwa barabara ile, kiangazi na vumbi lake au masika na matope yake.

Nimeona nyumba zaidi ya moja huko zenye bapa kubwa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma kilichonyooshwa vizuri. Mgeni anadhani wanaitunza. Ukiuliza taratibu unaambiwa iliwaka miezi minne, mara ikabaki mstari mmoja katikati, mara kimya. Ile ilikuwa tumbaku ya mwaka mzima jamani: kitalu, kupandikiza, kuchuma, kukesha kwenye bani kuchochea moto, kusubiri malipo ya kampuni yaliyochelewa. Watoto wanaenda kuangalia katuni kwa jirani mwenye inchi 19 ya sola.

Mwenye kibanda umiza anaweza kunibishia, na nitamsikiliza. Jenereta lake linanguruma hata hivyo, wati 300 halizioni sana, na wateja wake wamekaa kila pembe. Kwake plasma ya bei poa inaweza kurudisha pesa kwa msimu mmoja kabla haijafa. Aangalie tu kama ina kivuli cha nembo ya kituo cha Ulaya kilichoganda kwenye kona, maana hicho hakitoki. Awashe picha nyeupe tupu, kitajionyesha.

Wengine wote, mkifika dukani msianze na rimoti. Mwambie kijana aigeuze TV, usome kibandiko cha nyuma. Pale pameandikwa volti na wati. Tafuta namba ya wati, gawanya uwezo wa betri yako kwa hiyo namba, upate saa zako. Kama kibandiko kimebanduliwa, mwache na TV yake.