Mfupa wa maabara na fatwa za klipu

Ndugu zangu, acheni kusambaza ile klipu ya "wazungu wameumba mfupa kwa sauti". Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Australia, walichukua seli shina za binadamu, wakazipiga mawimbi ya sauti dakika 10 kila siku kwa siku 5, zikaanza kugeuka seli za mfupa. Hizo seli waliziumba wao? Walizikuta! Mtu akipanda nazi hapa Mafia ikaota, mbona hamumwiti mshirikina?

Mnaharamisha msichokisoma. Sasa mama mjamzito Kilindoni anakimbia altrasaundi, maana nayo ni mawimbi ya sauti. Akifika leba mtoto kakaa vibaya, nani ataulizwa mbele ya Allah: yeye, au wewe uliyemtisha?