Uchochezi Umerudi kwa Jina Jingine

Wananchi wenzetu, kila kijana anapokamatwa kwa maneno aliyoyaandika mtandaoni, wakubwa hutuambia kwamba haadhibiwi kwa maoni yake bali kwa uongo. Twaikataa hoja hiyo, maana si ngeni masikioni mwetu. Mwaka 1986 Wakenya walifungwa kwa kupatikana na vijikaratasi vya Mwakenya. Wengine walisimamishwa majini katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo hadi wakakiri. Nao pia waliitwa waongo na wachochezi.

Kosa la uchochezi lilifutwa mwaka 1997, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, nasi tukashangilia. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kompyuta. Kifungu chake cha 23 kilimtishia kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, yeyote atakayechapisha habari za uongo za kuzua taharuki au kumharibia mtu jina. Nani wa kuamua kwamba habari ni za uongo? Kwanza polisi, hata pale polisi ndiye aliyetajwa!

Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, na kabla ya siku mbili kupita alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Wao walidai alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti wakapata majeraha yasiyolingana kabisa na kauli hiyo.

Wanachokiogopa twakijua. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha, wakautafsiri kwa lugha za mama na kuusambaza kwa simu. Bunge likaupitisha tarehe 25, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Makumi walikuwa wameuawa. Wala tusijidanganye: kijikaratasi hakikumtaja aliyekiandika, bali simu humtaja, na hata mahali alipo huonyesha.

Kwa hiyo twasema wazi, bungeni na mahakamani: hatutaki sheria yoyote ya kumfunga raia kwa neno. Aliyekashifiwa, hata akiwa mkuu wa polisi, na afungue kesi ya madai kama mlalamishi mwingine yeyote, wala asitume askari usiku.