Afrika inapasuka? Ndiyo, ila tatizo siyo ile picha ya WhatsApp

Kila mvua kubwa ikipiga Bonde la Ufa, picha zilezile hurudi kwenye magrupu: ufa mrefu shambani, watu wamesimama pembeni wanashangaa, na maandishi eti Afrika imeanza kugawanyika.

Nyingi ni za Kenya, karibu na Mai Mahiu, Machi 2018, ardhi ilipofunguka na kukata barabara ya kwenda Narok. Wapo waliosema ni bonde linatanuka. Maelezo yenye uzito zaidi ni ya maji: mvua ilisomba majivu laini ya volkeno yaliyokuwa yamejaza nyufa za zamani chini ya ardhi.

Kugawanyika kwenyewe ni kweli. Ganda la nje la dunia limekatika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba, na vyote vinasogea. Upande wa mashariki wa bara letu, bamba la Somalia linaachana na bamba la Nubia kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kucha zako zinakua haraka kuliko hapo. Bahari mpya itahitaji mamilioni ya miaka, kwa hiyo hakuna haja ya kuuza kiwanja.

Lakini hizo milimita ni wastani tu. Miamba haitelezi taratibu kila siku. Inakaza, inavumilia miaka mingi, halafu inaachia kwa mkupuo. Septemba 2005, huko Afar nchini Ethiopia, ardhi ilitanuka kwenye eneo la urefu wa kilomita 60 ndani ya wiki chache, sehemu nyingine hadi mita 8, uji wa moto ukijipenyeza chini yake. Desemba mwaka huohuo, tetemeko la ukubwa wa 6.8 likatokea Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba Kalemie, Congo.

Kisha Bukoba, Septemba 10, 2016. Mji huo hauko ndani ya bonde lenyewe. Upo juu ya bamba dogo la Victoria, lililobanwa katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, na wengi hawakuwahi kuufikiria kama mji wa matetemeko. Ukubwa ulikuwa 5.9, kiwango ambacho Japani kwa kawaida hakiui mtu. Kagera walikufa watu wasiopungua 17, na Shule ya Sekondari Ihungo iliharibika hadi ikabidi ijengwe upya.

Tofauti kubwa hapo ni ukuta. Tofali zilizoshikwa kwa tope hubeba paa vizuri tu mpaka siku zinaposukumwa kutoka ubavuni. Kinachozishika ni linta, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta zote pamoja. Ni gharama, na kwa familia inayojenga kidogokidogo, nondo ndiyo kitu rahisi kupunguza bila mtu kuona baada ya plasta.

Ufa wa Mai Mahiu ulifukiwa na magari yakaendelea kupita. Anayejenga sasa hivi Bukoba, Kigoma au Kalemie ana swali la kumuuliza fundi: linta inazunguka nyumba nzima, au imeishia juu ya mlango na madirisha?