Niliuzwa Mazeras, na bado nina hasira

Ijumaa jioni nimetoka chuo Mombasa, begi la nguo chafu mgongoni, akilini ni sima ya mama tu. Konda anaita: "Rabai moja kwa moja, mia na hamsini!" Siku za kawaida ni mia. Sawa, ni wikendi, nikalipa.

Sheria za Michuki za 2004 zilisema matatu ile ni watu 14, kila mtu na mkanda wake. Kufika Changamwe tulishajaa, na bado ubao wa sambaza ukatolewa. Nani aliukalia? Mimi, komredi wenu.

Mazeras gari likasimama. "Wa Rabai shukeni, mtabebwa na hiyo!" Tukashuka kama kondoo. Konda wa pili akasema kapewa nusu nauli, kila mtu aongeze hamsini. Yule wa kwanza ashageuza, anaita watu wa Mombasa.

Nikaanza kupiga kelele. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, ongeza tu tufike, giza linaingia." Nikaongeza. Krapf na Rebmann walihamia Rabai 1846, angalau hawakuuzwa njiani.

Kinachoniuma si hamsini. Ni vile tunasema "tumeuzwa" huku tunacheka, kama ambaye kanyeshewa na mvua. Tulikuwa sita, konda mmoja. Tungekataa kushuka mpaka pesa yote ihesabiwe mbele yetu, angefanya nini?

Ijumaa ijayo mimi sishuki. Mtakaokuwa ndani ya hiyo gari, msiniache nibishane peke yangu.

Sima niliikuta imeshapoa.